Bango Likianguka, Nani Atalipa?



Anayetoka Mlandizi kwenda Maneromango kwa barabara ipitayo hapa kwetu Mzenga hawezi kukosa kuyaona mabango. Lipo la soda, lipo la kampuni ya simu, lipo la saruji, lipo la viwanja vinavyouzwa, na lipo la mhubiri atakayefika kutoka Dar es Salaam. Zamani kando ya njia hii mtu aliona mikorosho, miembe na magunia ya mkaa tu. Hatuna ugomvi na mabango. Anayeuza ana haki ya kutangaza anachouza, na mnunuzi hapotezi kitu kwa kujua duka liko wapi. Tunalotaka kulitafakari pamoja nanyi ni jambo linalosahauliwa mara tu rangi ikishakauka: ni nani aliyelisimamisha bango lile, kwa idhini ya nani, na likianguka, juu yake au juu ya mpita njia, ni nani atakayebeba mzigo?

Tunawaandikia hasa ninyi wajumbe wa Halmashauri ya Walei na viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo, kwa sababu ajali inapotokea ni ninyi mnaopita nyumba kwa nyumba na daftari la mchango.

Tuitazame kwanza kazi yenyewe jinsi inavyofanyika. Tuseme kampuni moja ya mjini inataka mabango arobaini katika Mkoa wa Pwani. Yenyewe haishiki koleo. Humpa kazi wakala wa matangazo. Wakala humpa mkandarasi. Mkandarasi humtafuta fundi wa kuchomelea vyuma Kibaha au Mlandizi. Na fundi huyo akishafika kijijini huwachukua vijana wawili watatu kijiweni ili wachimbe shimo, wakoroge zege, wainue nguzo na kupanda ngazi. Kila mkono unaopokea kazi hukata sehemu yake ya fedha. Mpaka ifike kwa kijana anayepanda juu, imebaki ya siku moja, tena hulipwa jioni, bila hati, bila jina lake kuandikwa popote. Hatari nayo husafiri kwa mnyororo uleule, lakini hiyo haikatwi njiani. Humfikia kijana ikiwa nzima.

Na hatari hiyo si ya kubuni. Wengi hudhani kwamba adui wa bango ni uzito wake. Adui wake ni upepo. Tulifanye hesabu, maana hesabu hii haihitaji chuo kikuu. Upepo wa kilomita 90 kwa saa, ambao si wa ajabu inapoanza dhoruba ya masika, husukuma kila mita ya mraba ya ubao uliosimama wima kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 40. Bango la mita 6 kwa 3 lina mita za mraba 18. Basi linasukumwa kana kwamba mzigo wa kilo 700 na zaidi umeegemezwa juu yake, tena ukiwa juu, mahali ambapo nguzo hufanya kazi ya mtaimbo wa kung'olea msingi. Upepo ukizidi mara mbili, nguvu haizidi mara mbili bali mara nne. Kwa hiyo fundi aliyechimba shimo la kina cha goti kwa sababu udongo ulikuwa mgumu na jua lilikuwa kali, bango lake litasimama kiangazi chote, watu watalisifu, na litalala siku moja ya mwezi wa nne.

Mwaka 2024 tulipata onyo mara mbili katika mwezi mmoja. Tarehe 4 Mei kimbunga Hidaya kilifika katika pwani yetu, karibu na kisiwa cha Mafia, na Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imetutahadharisha sote. Siku 9 baadaye, tarehe 13 Mei, huko Mumbai nchini India, katika eneo la Ghatkopar, bango la matangazo liliangushwa na dhoruba ya vumbi juu ya kituo cha mafuta kilichojaa watu waliojikinga na mvua. Watu 17 walifariki, na zaidi ya 70 wakajeruhiwa. Bango lile lilikuwa na upana na urefu wa takriban futi 120 kwa 120, na kanuni za Manispaa ya jiji lile haziruhusu zaidi ya futi 40 kwa 40. Lilipataje basi kusimama? Manispaa ilisema haikutoa kibali. Ardhi ilikuwa mikononi mwa polisi wa reli, nao ndio walioruhusu bango lisimamishwe. Ofisi moja ilitoa ruhusa, ofisi nyingine ilidai kwamba ruhusa ni yake, na katikati ya ofisi hizo mbili chuma kikaendelea kupanda kuelekea mbinguni.

Msiseme, Mumbai ni mbali. Mzenga, kwa udogo wake, ina wenye ardhi wengi kuliko inavyodhaniwa. Barabara ya Mlandizi hadi Maneromango iko chini ya TANROADS. Njia zetu za vijijini ziko chini ya TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017. Reli ya TAZARA nayo ina eneo lake pande zote mbili za njia. Viwanja na mashamba ni vya wananchi, chini ya Serikali ya Kijiji. Na ada ya mabango ina historia yake: ilikuwa ya halmashauri, mwaka 2017 ikapelekwa kwa Mamlaka ya Mapato, na baadaye ikarudishwa kwenye mamlaka za serikali za mitaa. Mtu mnyenyekevu anayetaka kufuata sheria huanza kwa kuuliza: niende wapi? Na mtu mjanja huanza kwa kuuliza: ni ofisi ipi iliyo rahisi zaidi?

Ni vema wananchi wajue misingi. Sheria ya Barabara, Na. 13 ya mwaka 2007, inakataza kuweka kitu katika hifadhi ya barabara bila idhini ya maandishi ya mamlaka ya barabara. Kwa barabara kuu na barabara za mkoa hifadhi hiyo ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Kabla ya sheria hiyo ilikuwa mita 22.5. Wenzetu wengi walijifunza tofauti ya mita hizo kwa machozi, pale walipoona alama ya X juu ya kuta zao: ya kijani kwa aliyekutwa na sheria mpya na anayestahili fidia, nyekundu kwa aliyehesabiwa kuwa mvamizi. Na katika Barabara ya Morogoro, kati ya Kimara na Kiluvya, ambako hifadhi ilihesabiwa kuwa mita 121.5 kila upande, bomoabomoa ya mwaka 2017 iliangusha nyumba nyingi, na nyumba za ibada pia. Aliyeshuhudia hayo hatauliza tena kwa nini asimamishe bango la duka lake baada ya kupata karatasi yenye muhuri. Stakabadhi ya ada iliyotolewa na halmashauri si kibali cha mwenye barabara. Kibali cha mwenye barabara nacho si ushahidi kwamba msingi umechimbwa sawasawa. Mambo haya matatu huchanganywa kila siku, na wanaopata hasara kwa kuchanganywa kwake ni wadogo.

Hapa ndipo lilipo lalamiko letu la msingi. Kwa jinsi mambo yanavyokwenda, kibali cha bango kimekuwa zaidi habari ya mapato kuliko habari ya usalama. Huulizwa ukubwa wa bango, kwa kuwa ada hutozwa kwa kadiri ya ukubwa huo. Huulizwa kama limelipiwa mwaka huu. Husikii likiulizwa swali la kina cha msingi, au jina la fundi, au iwapo waliopanda juu walikuwa na mkanda wa usalama. Tunajua kwamba halmashauri inahitaji fedha; madawati ya shule hayaji yenyewe. Lakini Serikali ikichukua ada kwa ajili ya kitu kinachoning'inia juu ya vichwa vya watu, imekubali pia kwamba kitu hicho kinaihusu.

Linganisheni na pikipiki. Sheria ya nchi yetu inamlazimu mwenye chombo cha moto, hata kijana wa bodaboda mwenye pikipiki ya mkopo, awe na bima ya kumfidia mtu mwingine atakayeumizwa nacho, ile tunayoiita bima ndogo. Sheria hiyo imetoka enzi za mkoloni na ni nzuri. Je, bango la chuma lenye uzito wa tani moja, lililosimama penye kituo cha magari na mlango wa soko, halistahili angalau bima ndogo yake?

Bima si neno moja

Tumegundua katika semina zetu kwamba neno bima linawachanganya wengi, tena huamsha shaka, kwani wazee wanakumbuka miaka mingi ambapo shirika lilikuwa moja tu, la Serikali, hadi soko la bima lilipofunguliwa katika miaka ya 1990. Tuyatenganishe mambo. Bima ya afya humtibu mtu anapougua. Bima ya dhima kwa watu wengine ndiyo inayomlipa mama aliyepita sokoni na kuangukiwa na bati. Na fidia kwa wafanyakazi ni jambo la tatu: hiyo humhusu yule aliyekuwa kazini.

Kuhusu hili la tatu nchi yetu imepiga hatua, na ni haki kusema hivyo. Kwa miaka mingi tulitawaliwa na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi iliyorithiwa kutoka mwaka 1949. Viwango vyake viliachwa mpaka vikawa kichekesho cha kusikitisha: aliyepoteza uwezo wote wa kufanya kazi, kiwango cha juu kilikuwa shilingi 108,000, na familia ya aliyekufa, shilingi 83,000. Ndipo ikatungwa Sheria Na. 20 ya mwaka 2008, ukaanzishwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, na tangu Julai 2015 waajiri wakaanza kuchangia. Anayechangia ni mwajiri peke yake. Mfanyakazi hakatwi hata senti. Mchango wa sekta binafsi ulianza kwa asilimia 1 ya mshahara, ukateremshwa hadi asilimia 0.6 na kisha 0.5. Yaani, kwa kila shilingi 100,000 anazolipwa mfanyakazi, mwajiri anachangia shilingi 500. Hiyo ni bei ya chupa moja ya maji barabarani. Kwa fedha hiyo mfanyakazi aliyeumia hutibiwa, hulipwa sehemu ya mshahara wake anapokuwa hawezi kazi, na akipata ulemavu wa kudumu au akifa, yeye au wategemezi wake hupewa mafao.

Basi mtauliza: ikiwa mambo ni rahisi hivyo, mbona kijana akianguka kutoka ngazini tunarudi kwenye daftari la mchango? Jibu ni lile la mnyororo. Kampuni husema: si mfanyakazi wetu, ni wa wakala. Wakala husema ni wa mkandarasi. Mkandarasi husema: huyo sikumwajiri, nilimpa fundi kazi kwa mapatano. Na fundi, ambaye naye ana watoto na mashine ya kuchomelea ya kukodi, husema kwa uchungu: huyu ni kibarua tu.

Neno hili "kibarua tu" tunalikataa, na sheria nayo inalikataa. Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya mwaka 2004, katika kifungu cha 61, inaeleza kwamba mtu anayemfanyia mwingine kazi huchukuliwa kuwa mwajiriwa, bila kujali mkataba unasemaje, iwapo lipo hata jambo moja kati ya kadhaa yaliyotajwa: kwamba namna anavyofanya kazi inaongozwa na mwingine, kwamba saa zake zinapangwa na mwingine, kwamba anapewa vitendea kazi, kwamba riziki yake inamtegemea mtu huyo. Someni tena orodha hiyo, kisha mtazameni kijana aliyeambiwa saa ya kufika, akapewa ngazi, akaonyeshwa pa kutoboa. Atakuwaje si mwajiriwa?

Mafundisho ya Kanisa kuhusu jamii yana neno linalofaa sana hapa. Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, alizungumza juu ya mwajiri asiye wa moja kwa moja: yule ambaye hamkabidhi mfanyakazi kazi kwa mkono wake, lakini maamuzi yake ndiyo yanayopanga masharti ya kazi ile. Kampuni iliyoamua kwamba mabango yote arobaini yawe yamesimama kabla ya sikukuu, kwa bei isiyoacha nafasi ya kununua mkanda wa usalama, ni mwajiri wa namna hiyo, hata kama haijui kwamba kuna mahali panapoitwa Mzenga.

Pingamizi la kweli

Tunalisikia pingamizi moja ambalo si la kupuuzwa. Husemwa: ninyi mapadre mnataka leseni na bima, mnajua gharama yake? Mkiyadai hayo, kazi yote itachukuliwa na makampuni ya mjini, na kijana wetu aliyejifunza kuchomelea chini ya mwembe atabaki anatazama.

Ni kweli kwamba njia ya kuwa halali ni ndefu. Fundi anayetaka kusimama kwa miguu yake anahitaji namba ya mlipakodi. Anahitaji leseni ya biashara chini ya Sheria Na. 25 ya mwaka 1972. Akitaka kuitwa mkandarasi anahitaji kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi chini ya Sheria Na. 17 ya mwaka 1997, iwe kwa majengo, umeme, mitambo au kazi maalumu. Mahali pake pa kazi panatakiwa kuandikishwa OSHA. Bango likiwa na taa, anayeunganisha umeme awe na leseni ya EWURA. Na bado kuna WCF. Kila moja ya ofisi hizi ina sababu yake nzuri. Zote pamoja, kwa kijana asiye na nauli ya kwenda Kisarawe mjini na kurudi, ni ukuta. Waliotunga utaratibu huu walikuwa na ofisi zao karibu.

Lakini kutoka katika ukweli huo hatufikii hitimisho kwamba maskini aachwe aanguke kwa uhuru. Tunafikia hitimisho kwamba mzigo ugawanywe kwa kadiri ya kitu chenyewe. Kibao cha mbao cha kinyozi, kilichopigiliwa juu ya mlango wake mwenyewe, hakihitaji mhandisi, wala hatuoni sababu ya kumfukuza kinyozi kwa daftari la ada. Bango la mita 6 juu ya nguzo ya chuma ni jengo, hata kama hakuna anayelala ndani yake. Nalo lijengwe chini ya mkandarasi aliyesajiliwa, mwenye bima, na yeye awaandikishe vijana wetu kama wafanyakazi wake kwa siku zile wanazomfanyia kazi. Hapo kijana hapotezi kazi. Anaipata kazi ileile pamoja na jina lake katika kitabu.

Na kwa anayetaka kupanda ngazi ya kweli, milango ipo, ingawa haitangazwi kwenye mabango. VETA ina utaratibu wa kuwapima mafundi waliojifunza mitaani na kuwapa cheti cha ujuzi wanaoonyesha kuwa nao. Na chuo chake cha mkoa wetu kiko Kibaha. Halmashauri ya wilaya inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na ikarejeshwa mwaka uliofuata. Kikundi cha mafundi watano wa Mzenga kikikopa ili kununua jukwaa la mabomba, mikanda na kofia ngumu, kimeomba jambo la busara kuliko vikundi vingi tunavyovifahamu. Bodi ya Makandarasi nayo ina mfuko wa kuwasaidia makandarasi wadogo kwa dhamana za zabuni. Vijana wetu wa parokia, pamoja na wenzao Waislamu ambao ndio wengi katika vijiji hivi, wanaweza kuunda kikundi kimoja. Zege halina dini.

Sisi wenyewe tukiwa wenye kazi

Haifai kuyasema haya yote juu ya makampuni tu. Parokia husimamisha vibao: cha kuelekeza kanisani, cha zahanati, cha shule ya awali. Kigango kikijenga, mafundi hupandishwa juu ya paa. Mwalimu, mwenye duka na mwenye mashine ya kusaga nao huagiza bango. Kila mmoja wetu anaweza siku moja kuwa mwenye kazi. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, Waisraeli waliagizwa kwamba anayejenga nyumba mpya aweke ukingo juu ya dari yake, ili damu ya atakayeanguka isije juu ya nyumba ile. Tuzingatie kwamba agizo hilo halikumhusu anayeanguka, wala halikumwambia awe mwangalifu. Lilimhusu mwenye nyumba.

Tunapendekeza basi kwamba Halmashauri za Walei zisiidhinishe malipo ya kusimamisha kibao chochote kikubwa kuliko kimo cha mtu bila karatasi moja ya makubaliano. Karatasi hiyo itaje jina la fundi na la kila msaidizi wake, kina cha shimo, ni nani mwenye ardhi na kibali chake ni cha tarehe ipi, na ni nani atakayelipa matibabu mtu akiumia. Ikiwa fundi ameandikishwa WCF, aonyeshe cheti. Ikiwa hajaandikishwa, tusimdharau. Tumsaidie kujiandikisha, na kwa siku hiyo parokia ikubali kwa maandishi kwamba mzigo ni wake. Hili litaonekana gumu kwa mweka hazina. Lakini mchango wa matibabu ya mguu uliovunjika, kwa uzoefu wa jumuiya zetu, haujawahi kuwa mwepesi kuliko bei ya karatasi.

Na mtu akiumia kazini, iwe kwa bango au kwa lolote, msianze na mchango peke yake. Andikeni siku hiyohiyo tarehe, saa, mahali, majina ya walioona na jina la aliyetoa kazi. Tunzeni namba ya simu iliyotuma malipo. Ujumbe wa fedha kwa simu umekuwa mkataba wa wasio na mkataba. Pateni hati ya daktari. Mwajiri ana wajibu wa kutoa taarifa ya ajali kwa Mfuko, na akikaa kimya, aliyeumia au ndugu zake wapeleke habari wenyewe, wala wasingoje, kwa sababu madai yasiyoletwa ndani ya miezi 12 tangu ajali huweza kupotea. Wengi wamepoteza haki yao kwa sababu waliambiwa "subirini, bosi anakuja", na bosi hakuja.

Limebaki jambo la mabango mazee. Tangazo hupitwa na wakati, kampuni hubadili jina au hufunga, turubai huchanika, na fremu ya chuma hubaki imesimama kama mifupa. Hakuna anayelipia ada yake tena, kwa hiyo hakuna anayelitazama. Kutu hula bolti kutoka ndani. Ndipo huja vijana na msumeno, kwa kuwa chuma chakavu kina bei, nao huanza kukata miguu ya kitu kilicho juu ya vichwa vyao. Mwezi Oktoba 2018, katika mji wa Pune, India, fremu ya bango iliyokuwa ikikatwa ili iondolewe katika eneo la reli iliangukia magari yaliyosimama barabarani, na watu 4 wakafa. Waliokuwa wakiikata walikuwa wafanyakazi waliotumwa kuiondoa. Wetu hawajatumwa na mtu. Tunaiomba Serikali ya Kijiji na Kata ihesabu fremu zote zisizo na tangazo katika eneo letu kabla ya mvua za vuli, na kuwaandikia wenye barabara na wenye reli. Na tunaiomba Halmashauri ya Wilaya ya Kisarawe, katika sheria zake ndogo za ada za mabango, iweke sharti kwamba kibali kitaje tangu siku ya kwanza jina la atakayeliondoa bango, na kwamba aweke amana ya fedha ya kazi hiyo kabla shimo halijachimbwa.